Kupima umeme kwa mwanga sio porojo, ila tunauziwa kwa sababu isiyo yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba habari za kupima umeme kwa kutumia mwanga ni porojo za watu wa mauzo, eti umeme haupimwi mpaka uuguse na shaba. Mi ni fundi wa vituo vya kupoza umeme, sabstesheni kama tunavyoita wenyewe, CT na PT, yaani vifaa vya kupimia mkondo na volteji, ndo zimenilisha mpaka watoto wamemaliza shule, na barua yake niliisoma nikacheka, alafu nikakasirika kidogo, alafu nikaona bora niandike. Huyu ndugu yuko sahihi nusu. Akisema kitu hakipo amepotea, kipo, na msingi wake ni wa zamani kuliko hata reli ya kati. Ila akisema tunauziwa maneno hapo mi niko nae, kwa sababu broshua za hivi vifaa ukizifungua ukurasa wa kwanza ni usahihi tu, asilimia sifuri nukta moja, sifuri nukta mbili, wakati CT ya kawaida ikitengenezwa vizuri nayo inapima kwa kosa lisilozidi asilimia 0.2 na hakuna mtu analalamika. Kilichonifanya mimi niupende mwanga ni usalama, na hicho ndo wanakiweka ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo.

Kwa wasiojua tunavyopima sasa ngoja nieleze haraka haraka. Line ya kilovolti 220 au 400 huwezi kuishusha ikaingia moja kwa moja kwenye mita wala kwenye rilei, kifaa kinachoamua line izimwe ikipata hitilafu, vitaungua na wewe utaungua. Kwaiyo tunaweka CT, yaani kiini cha chuma kilichozungushiwa koili, waya mkubwa unapita katikati na mkondo wake wa mamia au maelfu ya ampea unatoka upande wa pili ukiwa umepunguzwa kwa uwiano unaojulikana mpaka ampea 1 au 5. PT nayo inafanya hivohivo kwa volteji, inaishusha mpaka volti 110 hivi. Kazi hii imefanyika zaidi ya miaka mia na imefanyika vizuri tu. Shida iko kwenye hiyo nafasi kati ya line na ardhi. Upande mmoja una kilovolti 400, upande wa pili unakwenda kontroli rumu kwa watu, na vyote viwili viko ndani ya kifaa kimoja, kwaiyo katikati lazima pawe na kizuizi cha uhakika: karatasi tabaka kwa tabaka zilizoloweshwa mafuta, lita mia kadhaa, ndani ya kauri ndefu, mzigo mzima tani na kitu, bila kreni husogezi. Vingine vinajazwa gesi ya SF6 badala ya mafuta na hiyo gesi ikivuja ni balaa lingine, kilo moja yake inapandisha joto la dunia zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa.

Sasa gasketi ikichoka unyevu unaingia, karatasi inaanza kuharibika taratibu bila mtu kujua, gesi zinajikusanya kwenye mafuta, alafu siku moja mchana kweupe kifaa kinapasuka. Na kauri ikipasuka haianguki chini kistaarabu, vipande vinaruka huku na huku vinakata chochote vinachokutana nacho na mafuta yanashika moto. Mi nimeshaona mabaki ya moja, kituo sikitaji, watu walikuwa wameenda kunywa chai, na kipande cha kauri kilikutwa kimeng'ang'ania kwenye mlango wa gari lililopaki mbali kabisa na pale kilipokuwa kifaa. Tungekuwa tunafanya usafi siku ile ningekuwa naandika barua tofauti, au nisingeandika.

Alafu kuna hili ambalo kila kijana anayekuja fildi tunamwambia kabla hajavaa hata helmeti: usifungue waya wa upande wa pili wa CT wakati line ina mzigo. Ziunganishe kwanza shoti kwenye tamino, pale nyaya zinapofungwa, ndo ufungue. Kwa nini? Kwa sababu mkondo wa line haujali wewe umefungua nini huku chini, unaendelea kupita, na kwa kuwa upande wa pili hakuna tena mkondo wa kupingana nao basi sumaku yote inajaa kwenye kiini na pale ulipofungua panazuka volteji ya maelfu. Waya uleule ambao asubuhi ulikuwa wa ampea moja umegeuka wa kuua. Hakuna taa inayowaka kukuonya.

Na la tatu kiini kinashiba. Line ikipata shoti kubwa, mathalani ampea 20,000 au 30,000, chuma cha kiini kinafika mahali hakiwezi kubeba sumaku zaidi, na kuanzia hapo kile kinachotoka upande wa pili ni uongo, mawimbi yamekatwa vichwa, rilei inasoma uongo huo na inatakiwa iamue ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kama ifungue breka, yaani ikate umeme, au isifungue. Yaani kifaa kinadanganya wakati uleule unaokihitaji kuliko wakati wowote. Watu wa protekisheni, yaani kinga ya line, wanaonisoma wanajua naongelea nini, wanazidisha ukubwa wa kiini ili kukwepa hilo, na ndo maana lile dude linazidi kuwa zito.

Haya, mwanga unaingiaje hapa. Septemba 1845, London, pale Royal Institution, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye shule hakusoma ya maana na kazi ya kwanza aliyojifunza ilikuwa kujalidi vitabu, alikuwa anatafuta kama sumaku na mwanga vina undugu. Alijaribu hewa, akajaribu vioo na mawe ya kristali, hakuona kitu. Akachukua kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi alichokitengeneza mwenyewe miaka mingi nyuma kwa kazi nyingine kabisa, akakiweka kwenye sumaku ya umeme, akapitisha mwanga, akaona. Kuelewa alichoona chukua kamba, funga upande mmoja kwenye mti, itikise juu chini na mawimbi yatakwenda yakiwa yamesimama, itikise kushoto kulia yatalala. Mwanga wa kawaida una mitikisiko ya pande zote imechanganyika, lakini ukiupitisha kwenye kichujio maalum unabaki wa upande mmoja tu. Faraday aliona kwamba mwanga wa upande mmoja ukipita kwenye kile kioo kwa kufuata mwelekeo wa sumaku unatoka upande wa pili umegeuka kidogo, na ukiongeza sumaku unageuka zaidi, ukigeuza sumaku nao unageukia upande mwingine. Baadae Mfaransa mmoja, Émile Verdet, akapima kwa makini kila kioo kinageuza kiasi gani, na namba hiyo mpaka leo ina jina lake.

Sasa unganisha mwenyewe. Mkondo wa umeme kwenye waya unatengeneza sumaku kuuzunguka waya, hilo lilijulikana tangu 1820. Sumaku inageuza mwanga. Kwaiyo ukizungusha mwanga kuuzunguka waya alafu ukapima umegeuka kiasi gani, umepima ampea, na waya wenyewe hujaugusa. Kilichochelewesha ni vifaa tu, leza ilipatikana 1960, na nyuzi za kioo zinazoweza kubeba mwanga mbali bila kufifia sana, hii faiba ya intaneti tunayoijua, zilipatikana 1970 kwenye kampuni ya Corning huko Marekani.

Hapa ndo penye uzuri wenyewe na naomba Mhariri usinikate. Faiba ukiizungusha kuuzunguka waya ikafunga duara kamili, mwanga unajumlisha sumaku yote njiani, na kwa sheria ya Ampère jumla hiyo inategemea kitu kimoja tu: mkondo unaopita ndani ya hilo duara. Duara liwe kubwa au dogo, liwe la mviringo au limebonyea, waya uwe katikati au umeegemea pembeni, jibu ni lilelile. Na nyaya za fezi nyingine zilizopo jirani, ambazo nazo zina sumaku yake, zinajifuta zenyewe kwa sababu ziko nje ya duara. Sheria ileile anaitumia fundi wa mtaani na klampu mita yake kila siku, tofauti ni kwamba yeye anazungusha chuma na hawa wanazungusha kioo, na kioo hakishibi. Ampea 30,000 zikipita mwanga unageuka tu zaidi, basi, na elektroniki inafuatilia.

Kwenye vifaa vya sasa mwanga wanaupeleka kwa namna mbili kwa pamoja, mmoja unazunguka kulia kama skrubu na mwingine kushoto, mkondo wa umeme unauharakisha huu na kuuchelewesha ule, mwisho wa faiba kuna kioo cha kurudisha, vinageuka na kurudi njia ileile, kwaiyo athari ya umeme inakuwa mara mbili lakini kelele nyingi za njiani kama mtikisiko wa upepo zinafutana kwa kuwa zote mbili zimepita palepale. Akili hii hawakuibuni watu wa umeme, wameiazima kwenye vifaa vya ndege vinavyohisi ndege imegeuka kiasi gani ambavyo navyo vina faiba iliyozungushwa. Na ilibidi waazime kitu cha nguvu hivo kwa sababu kinachopimwa ni kidogo mno: faiba ya kawaida raundi moja kwenye waya wa ampea 1,000, mwanga unageuka chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Ndo maana unakuta faiba imezungushwa raundi nyingi.

Kwa volteji ni hadithi nyingine ila inafanana. Mjerumani Friedrich Pockels mwaka 1893 alieleza kwamba kuna kristali ambazo ukiziweka kwenye volteji, mwanga wa upande mmoja unapita ndani yake kwa kasi tofauti na mwanga wa upande mwingine, na tofauti hiyo inakwenda sawasawa na volteji. Unaweka kristali hiyo, au kadhaa zimepangwa, ndani ya nguzo ya insuleta, yaani kizuizi cha umeme, kati ya line na ardhi, unapitisha mwanga, unasoma. Ukweli upande huu wa volteji ni mgumu zaidi kuliko wa mkondo, kwa sababu hauna ile bahati ya duara, mvua ikinyesha au uchafu ukitanda juu ya insuleta uga wa umeme unahama na kristali inaona kitu kingine, mtengenezaji lazima ahangaike nalo. Nilishamsikia mtu wa mauzo anasema vyote viwili ni sawa tu. Sio sawa.

Turudi kwenye usalama maana ndo hoja yangu. Kwenye CT ya mwanga kitu pekee kinachopita kati ya kilovolti 400 na ardhi ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hakuna mafuta, hakuna karatasi, na wanaweza kutumia insuleta ya raba na faibaglasi ambayo hata ikiharibika hairushi vipande. Ukikata ule uzi wa faiba mchana wa mzigo mkubwa kinachotokea ni kwamba umepoteza kipimo, rilei inapiga alamu, unaunga, mnaendelea. Volteji ya maelfu hakuna. Hatari ninayoweza kukuambia ni moja, usichungulie kwenye ncha ya faiba, ule mwanga hauonekani kwa macho lakini jicho unaliumiza. Na tukiwa hapo hapo, mwizi hana cha kuiba. Mafuta ya transfoma yanaibiwa, shaba inaibiwa, tunasikia mpaka habari za mafuta hayo kuishia kwenye makarai ya chipsi na sitaki hata kufikiria zaidi, ila uzi wa kioo hakuna muuza vyuma chakavu atakaeununua.

Msomaji mwenzangu aliuliza, na hili swali lake lilikuwa zuri, kama shaba inafanya kazi kwa nini tuhangaike. Jibu langu ni umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri. CT ya kawaida haiwezi kabisa kupima mkondo ulionyooka, inahitaji sumaku inayobadilikabadilika, ukipitisha DC inakaa kimya na kiini kinashiba. Na DC ya volteji kubwa sio ya Ulaya na China tu. Jirani zetu wa Kongo wana line ya Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700 kwa DC, imewashwa 1982, imejengwa kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Wakenya na Waethiopia wana yao, kutoka Sodo mpaka Suswa, kilovolti 500, uwezo wa megawati 2,000, ilianza kubeba umeme 2022. Kwenye vituo vya namna hiyo duniani kote kuna njia kadhaa za kupima na mwanga umo, wakati mwingine kwa namna ya kuchekesha: wanaweka kipande cha chuma cha kupimia palepale juu kwenye volteji kubwa, kakifaa kadogo kanasoma, na kwa kuwa huwezi kukapelekea kale kakifaa waya wa umeme toka chini, wanakapelekea leza kupitia faiba, kanaugeuza mwanga kuwa umeme wa kujiendesha, alafu kanarudisha majibu kwa mwanga kupitia faiba nyingine. Mi nilivyoelezwa hilo mara ya kwanza nilidhani natekwa akili.

Na viwanda vya alumini ndo usiseme. Kule Ghuba, mathalani kile cha Sohar Oman ambako ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi, alumini inayeyushwa kwa kupitisha DC ya ampea zaidi ya 350,000 kwenye mstari mrefu wa matanuri. Vifaa vya zamani vya kupima mkondo wa namna hiyo ni fremu kubwa la chuma lenye sensa za sumaku na uzito unaweza kufika tani na zaidi, alafu sumaku za mabasibaa, yale mapande manene ya kupitisha mkondo, ya jirani zinalichanganya. ABB walitoa cha kwao cha faiba kinachopima mpaka ampea 500,000, kosa lake asilimia 0.1, na kinachozunguka basibaa ni kitanzi chepesi tu ambacho mtu anakifunga bila kukata hata bolti moja ya njia ya umeme. Kwa mkondo mkubwa hivo raundi moja ya faiba inatosha na kubaki.

Sasa upande wa pili, maana nikisifia tu na mimi nitaonekana nimepewa posho. Joto. Ile namba ya Verdet ya kioo cha faiba inabadilika na joto, kidogo sana, kama sehemu 7 kwa 100,000 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, unasema ah hiyo si kitu. Haya piga hesabu: faiba iko kwenye kichwa cha nguzo jua kali Tanga mwezi wa pili, kifaa kimepata joto kimefika nyuzi 60, alafu fikiria kifaa kilekile kipo Makambako alfajiri ya mwezi wa saba nyuzi 10 au chini ya hapo. Tofauti nyuzi 50, kosa asilimia 0.35, na wewe umeahidiwa 0.2. Hela ya umeme unaouzwa kwenye line kubwa kwa asilimia 0.35 sio ya mchezo. Waliokuwa makini wamelitatua, kuna kipande kingine cha faiba kwenye mlango wa lile duara ambacho nacho kinabadilika na joto ila kwa kuelekea upande mwingine, wakakipangilia mpaka vikafutana, au wanaweka sensa ya joto na programu inasahihisha. Lakini kutatua kwenye maabara ya Uswisi na kutatua juu ya nguzo ya Tanga yenye chumvi ya bahari ni vitu viwili, na kwenye broshua grafu ya joto ndo naitafuta kwanza, nikiikosa naiweka pembeni.

Faiba ikikunjwa nayo ina maudhi yake, kukunja kwenyewe kunauchezea mwanga hata bila umeme kupita, ndo maana faiba ya ndani ya sensa inatengenezwa au kusokotwa kwa namna maalum na huwezi kukata ya intaneti ukaweka. Alafu elektroniki. CT ya shaba haina cha kufa, haihitaji chaja wala programu, mi nimekuta CT zimewekwa kabla sijazaliwa na zinapiga kazi. Kifaa cha mwanga kina kisanduku kontroli rumu chenye chanzo cha mwanga na kompyuta ndogo, hicho kitakufa kabla ya nguzo yake, hilo liko wazi, na kikifa na spea haipo kwenye stoo mtakaa gizani mkisubiri ndege ya mizigo.

Kubwa zaidi, kifaa cha mwanga hakitoi ampea 1. Kinatoa namba. Kwa mpangilio uliozoeleka wa IEC 61850, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya sabstesheni kuwasiliana, kinatuma vipimo 80 kwa kila wimbi, yaani 4,000 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, kupitia kebo ya mtandao, na saa za vifaa vyote lazima ziende pamoja kwa usahihi wa sehemu moja ya milioni ya sekunde hivi. Rilei mpya zinaelewa lugha hiyo. Paneli za zamani za rilei na mita haziielewi, zinasubiri ampea. Kwaiyo mtu akija kukuambia akubadilishie CT za kituo cha mwaka 1980 akuwekee za mwanga alafu asiseme chochote kuhusu paneli, muulize, na akianza kuzungukazunguka mpe soda aende zake. Kwa vituo vya zamani mi naona zibaki CT za shaba, zipimwe mafuta kila inapotakiwa, zibadilishwe zikichoka. Kwa luku ya nyumbani kwako ndo usiwaze kabisa, hakuna faida yoyote. Mahali pake ni vituo vipya vya kilovolti 400 ambavyo vinajengwa na paneli mpya tangu mwanzo, kama hivi vya kutoa umeme wa Bwawa la Nyerere, na popote patakapoingia DC.

Na wasiseme faiba ni kitu kigeni kwenye umeme wetu. Tazama nguzo kubwa za line, waya wa juu kabisa, ule wa kukinga radi, kwenye line nyingi ndani yake kuna faiba, mkongo wa taifa wa mawasiliano umepita humo kwenye line za umeme, wewe unaesoma hii kwenye simu huenda maneno haya yamepita juu ya nguzo. Na sikia hii. Watu wa mawasiliano sehemu mbalimbali duniani waligundua kwamba radi ikipiga ule waya, mwanga uliomo kwenye faiba unazunguka ghafla kwa kasi na mitambo yao ya kasi kubwa inapoteza data kwa kitambo kidogo. Walihangaika mpaka wakajua, ni Faraday yuleyule. Radi inaingiza maelfu ya ampea kwenye waya uliosukwa, waya uliosukwa unatengeneza sumaku kwa urefu wa faiba, mwanga unageuka. Kwao hiyo ni kero na wanatengeneza vifaa vya kuivumilia. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa bure, umeme mkubwa umejipima wenyewe ndani ya faiba bila mtu kutegemea, na msomaji mwenzangu anaesema porojo namwachia hilo alilale nalo.

Ninachoomba kwa wanaoandika zabuni za vituo vipya, iwe kwetu au kwa majirani, ni hiki. Kabla hamjanunua vifaa vya mwanga vya kituo kizima nunueni vichache, muviweke bega kwa bega na CT na PT za kawaida kwenye line hiyohiyo, kimoja kituo cha pwani kwenye joto na chumvi, kingine nyanda za juu kwenye baridi, viachwe mwaka mzima, masika, kiangazi na kipupwe, vipimo vya vyote viwili vihifadhiwe saa kwa saa na joto la siku hiyo limeandikwa pembeni. Kwenye mkataba wekeni kisanduku cha akiba cha elektroniki kiwe stoo siku ya kukabidhiana, sio ahadi. Na kwenye mafunzo msitupeleke sisi wazee wa spana peke yetu, kwa sababu kuunga faiba, kusafisha ncha yake na kujua imepoteza mwanga kiasi gani wanajua zaidi vijana wanaounga intaneti mitaani, mi nimewaangalia wakifanya kazi juu ya ngazi na kisanduku chao cha kuungia, wanamaliza kiungo kimoja mimi bado natafuta miwani. Wawekeni pamoja na mafundi wa protekisheni kwenye darasa moja, VETA au DIT, popote, wafundishane.

Alafu mwaka ukiisha zile grafu zichapishwe, hata kwenye gazeti hili, tuone za Tanga na za Makambako zimeachana kiasi gani.

Wako,
Fundi wa sabstesheni,
Morogoro
(jina kamili analo Mhariri)